Kata ya Reli haina reli: fedha za kuanzia nyumba za kupangisha Mtwara na Lindi

Mtwara mjini kuna kata inaitwa Reli. Muulize mtoto wa pale treni inapita saa ngapi, atakucheka. Reli ilikuwepo kweli. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kutoka pwani kuelekea Nachingwea, ibebe karanga za ule mradi wao mkubwa ulioanza 1947. Karanga hazikutii makaratasi ya London, mradi ukafutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Kilichobaki ni jina.

Naanza huko kwa sababu anayetaka kuwekeza kwenye nyumba Kusini lazima aijue tabia ya huku: kila baada ya muda tunaletewa habari kubwa, na bei ya viwanja hupanda kabla hata chepe moja halijachota udongo. Mimi mwenyewe niliionja 2012. Dalali alinionyesha kiwanja upande wa Mangamba asubuhi. Niliporudi baada ya alasiri alishaongeza milioni mbili. "Kaka, si unaona gesi hiyo?" Gesi ya Mnazi Bay ilikuwa imegunduliwa tangu 1982, na ile ya kina kirefu baharini ikaanza kuonekana kuanzia 2010. Bomba la kilomita 542 likakamilika 2015, gesi ikaenda zake Dar es Salaam. Wakandarasi wakafunga virago. Nyumba zilizojengwa kwa matumaini ya wapangaji wa dola zikabaki kumtafuta mwalimu na mhasibu wa hapa hapa, kwa bei za hapa hapa.

Lindi nao wana yao. Likong'o ndiko panapotajwa kujengwa kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika. Juni 2022 Serikali na kampuni za Equinor na Shell zilisaini makubaliano ya awali. Kusaini si kumwaga zege, ila bei ya viwanja haijui tofauti hiyo.

Hapo ndipo fundo zima la mada hii lilipo. Bei ya kiwanja inaendeshwa na habari. Kodi ya chumba inaendeshwa na mshahara wa mtu. Na deni la kujengea nyumba ya kupangisha, ukiliangalia vizuri, linalipwa na kodi ya chumba, halilipwi na habari. Wengi walioumia Kusini walikopa kwa kuangalia bei ya kiwanja, wakalipa kwa kutegemea kodi ya chumba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza benki ipi inakopesha, uliza nani atalala humo ndani na fedha yake inaingia mwezi gani. Mtwara kuna wauguzi na madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo na wa Ligula, kuna wanafunzi wa Stella Maris na wa Chuo cha Uhasibu, kuna watafiti na vibarua wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, kuna watu wa bandarini na wa kiwanda cha saruji cha Dangote. Hawa mishahara yao, au boomu zao, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, zinaeleweka. Halafu kuna kundi kubwa ambalo mfuko wake unafuata korosho: minada inafunguliwa kuanzia Oktoba, fedha zinapitia vyama vya msingi vya ushirika chini ya stakabadhi ghalani (mkulima anakabidhi korosho ghalani, analipwa baada ya mnada), na kufikia Februari au Machi vijito vimeanza kukauka. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa, hata muuza chapati wa Masasi aliisikia. Mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita mwezi Julai kwa mkulima wa korosho anajitafutia ugomvi bure.

Sasa tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za mtaa wako. Kiwanja kilichopimwa, vyumba vinne vya mstari, choo, maji na umeme: tuseme vyote vimekula milioni 22. Kila chumba shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,920,000. Toa mwezi mmoja na nusu wa kila chumba kukaa kitupu, toa kitasa, bomba na rangi, unabaki na kama 1,600,000. Hiyo ni asilimia saba na kidogo ya fedha uliyoweka.

Nenda benki sasa. Mikopo ya nyumba nchini kwa miaka mingi imekuwa ikitozwa riba ya kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka. Ukichukua milioni 20 kwa asilimia 16, miaka 15, rejesho ni takriban shilingi 294,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umelipa karibu milioni 53. Vyumba vyako vinne, vikijaa vyote bila hata kitasa kuharibika, vinaleta 160,000. Shilingi 134,000 zilizobaki zinatoka mfukoni mwako kila mwezi, kwa miaka 15. Huyo mpangaji hakulipii deni. Wewe ndiye unayemsaidia kupanga.

Kuna atakayeuliza: basi kwa nini tujenge, na hatifungani za Serikali za muda mrefu zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 12 bila mtu kuja kukugongea usiku kwamba choo kimeziba? Swali zuri, na kwa mtu mwenye fedha taslimu anayeishi mbali na Mtwara, pengine hatifungani ndilo jibu. Nyumba ina mambo yake mengine: kodi unaweza kuipandisha jinsi maisha yanavyopanda, kiwanja chenyewe huongezeka thamani mji ukisogea, hati ni dhamana ya kesho. Na kuna hili ambalo vitabu vya fedha haviliandiki: salio la benki shemeji akilijua atakuja kuazima, lakini tofali lililoko ukutani hakuna wa kuliazima.

Fedha zinatoka wapi hasa

Mkopo wa nyumba wenyewe, ule wa miaka mingi ambao nyumba ndiyo rehani, ni kitu kigeni kidogo hapa nchini. Sheria iliyourahisisha ni ya 2008, na kampuni ya TMRC, inayozipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe wanunuzi wa nyumba, ilianzishwa 2010. Mkopo huo unamfaa mtu anayenunua nyumba ya kuishi mwenyewe, ana mshahara unaohimili rejesho, na kiwanja kina hati. Kwa vyumba vya kupangisha vya hapa kwetu, hesabu ya juu imeshasema.

Nyumba nyingi unazoziona Chikongola na Magomeni, hapa Mtwara mjini, hazikujengwa kwa mkopo wa nyumba. Zimejengwa kwa kudunduliza, kwa mchezo, kwa VICOBA, kwa SACCOS ya kazini na kwa mkopo wa mtumishi unaokatwa kwenye mshahara. Huo wa mwisho ni mwepesi kupata, na ndiyo maana ni hatari kwa namna yake. Utaratibu unamtaka mtumishi abakiwe na angalau theluthi ya mshahara, na wako wanaokopa mpaka theluthi hiyo ianze kulia. Kama boma halijafika kwenye lenta na mshahara umeshabaki theluthi, pagale hilo litakaa miaka. Pagale halilipi kodi kwa mtu.

Usikubali neno "riba asilimia mbili tu kwa mwezi" bila kuuliza inahesabiwa juu ya nini. Kopa milioni tano kwa miezi 12. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, utalipa riba ya 1,200,000. Ikipigwa juu ya salio linalopungua, utalipa kama 674,000. Asilimia ni ile ile mdomoni, fedha ni nyingine mfukoni; na kwa hesabu ya salio, ile ya kwanza ni zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka. Mikopo ya kausha damu inayozunguka mitaani ni mibaya kuliko hiyo. Wakulima wetu wanaijua kangomba: unapokea fedha kidogo mwezi wa shida, unakabidhi korosho ya thamani kubwa msimu ukifika. Kupaua nyumba kwa kausha damu ni kangomba ya bati.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi pwani hii, riba ni suala la imani kabla ya kuwa suala la hesabu. Zamani wengi walibaki nje ya benki kwa sababu hiyo. Siku hizi mlango upo: Amana Bank inafanya kazi yote kwa misingi ya sharia tangu 2011, na baadhi ya benki za kawaida zimefungua madirisha yao, kama Al Barakah ya CRDB. Katika murabaha, kwa mfano, benki inanunua saruji, bati na nondo, kisha inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu siku ya kwanza, nawe unalipa kidogo kidogo. Bei haipandi baadaye. Linganisha tu jumla utakayolipa, kwa sababu halali nayo inaweza kuwa ghali.

Njia ninayoipenda mimi haina tangazo redioni. Una kiwanja chenye uso wa barabara, umejenga fremu ya duka mpaka kwenye lenta, umeishiwa. Anakuja mwenye biashara anataka pale. Anatoa milioni tatu za kupaua, kupiga plasta na kuweka mlango wa chuma, halafu mnakatana kwenye kodi. Ikiwa kodi mliyopatana ni 60,000 kwa mwezi, fedha yake inaisha baada ya miezi 50, yaani miaka minne na miezi miwili bila wewe kuona senti. Wengi husikia hivyo wakakunja uso. Lakini tazama: hata kama kodi ya sokoni ya fremu hiyo ni 75,000 na yeye amekushusha mpaka 60,000, riba iliyojificha humo ni karibu asilimia 11 kwa mwaka. Nitajie benki itakayokupa hiyo bila hati na bila mdhamini. Tena ukifika mwisho una fremu iliyokamilika na mpangaji aliyezoea eneo.

Njia hiyo inaharibiwa na midomo. Mtu ametoa fedha bila stakabadhi, mwenye fremu amefariki, watoto wanakuja na kodi yao mpya. Kwa hiyo andikeni: kiasi, risiti za vifaa, kodi ya mwezi, mwezi wa kuanza na wa kuisha, nani anatengeneza paa likivuja, na kwamba warithi wa pande zote wanafungwa na makubaliano hayo. Wakili ashuhudie. Gharama ya wakili ni ndogo kuliko nauli za kwenda barazani.

Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ni ya shughuli za uzalishaji. Kikundi cha kufyatua matofali kinaweza kuiomba. Usiichukue kwa jina la ufugaji ukajengea vyumba.

Na fedha ya korosho inayosubiri ujenzi isikae chini ya godoro, wala isikae kwenye simu ambako vidole vinawasha. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayowekeza fedha za watu kwa pamoja, unaruhusu kuweka na kutoa bila kusubiri miaka, nayo fedha inakua kidogo wakati unasubiri fundi.

Karatasi kabla ya tofali

Ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Wewe unapata haki ya kuitumia. Sheria za 1999, Na. 4 na Na. 5, zinaigawa ardhi katika ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi, na swali la kwanza kwa dalali ni kiwanja chake kiko kwenye ipi. Ndani ya mji, kwenye eneo lililopimwa, unatafuta hati yenye muda wa miaka 33, 66 au 99. Nje kidogo ya mji, mtu anaweza kukuuzia "ekari za baadaye" ambazo bado ni ardhi ya kijiji. Huko, asiye mwanakijiji hanunui kwa kupeana mikono na mwenye shamba peke yake. Halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano hautoshi kuwa ridhaa ya kijiji, ingawa ndio unaouzwa sana.

Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone ni ya nani kweli na kama imewekwa rehani. Ofisi za ardhi za mikoa zimekuwepo tangu 2020, hakuna sababu ya kukata tiketi ya basi la Dodoma. Kisha mtafute mpima akuonyeshe mawe ya mipaka kwa miguu yako, si kwa kidole cha dalali akiwa juu ya bodaboda.

Kusini tuna jambo letu la ziada: ukoo. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti. Juu yake pakaja mirathi ya Kiislamu, na juu yake sheria ya nchi. Kwenye nyumba za kale za Mikindani au Lindi mjini unaweza kumlipa kijana anayeishi humo, kesho akaja mjomba kutoka Newala, kesho kutwa shangazi kutoka Kilwa. Kama mwenye mali amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na karatasi ya uteuzi uione. Muuzaji akiwa hai na ana mwenza, mwenza naye asaini. Ndivyo ilivyo pia ukiweka nyumba ya familia rehani: bila ridhaa ya mke au mume, mkopo huo una ufa.

Wanaopenda upepo wa bahari wa Shangani wakumbuke kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni. Kiwanja cha bei chee kilichomo ndani ya mita hizo si cha bei chee.

Kodi za Serikali nazipitia haraka. Kuhamisha umiliki kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na muuzaji mkazi anadaiwa asilimia 10 ya faida aliyoipata. Kubalianeni mapema nani analipa nini, maana wauzaji wengi huisikia kodi hiyo siku ya kusaini. Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka, na watu huichanganya na kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Mpangaji wako akiwa ofisi au kampuni, atakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla hajakulipa, na hajakuibia.

Kidogo kilichokwisha

Kosa la kawaida ninaloliona ni msingi wa vyumba sita kwa fedha ya vyumba viwili. Msingi unapendeza, majirani wanapita wanasifu, na fedha imelala chini ya jamvi. Mwenzako mwenye fedha ile ile amechora ramani ya vyumba sita, akapata kibali cha ujenzi, lakini amejenga viwili vya nyuma na choo chake, akaweka umeme, akaingiza wapangaji. Kodi ya viwili hivyo haitajenga cha tatu peke yake, lakini italipa rejesho la SACCOS la mkopo mdogo wa mwaka mmoja au miwili. Mkopo wa muda mfupi juu ya kitu kinachokaribia kuzaa, hapo deni lina maana.

Ukijenga, usiruhusu fundi atumie mchanga wa ufukweni eti uko karibu. Chumvi yake inakula nondo kwa ndani na plasta inaanza kubabuka kabla deni halijaisha. Bati nyembamba nayo upepo wa bahari unaimaliza mapema. Mchwa wa Naliendele siwaongelei, wanajulikana.

Na angalia kalenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati ule ule fedha ya korosho imejaa mikononi. Saruji inatoka hapa hapa, lakini bati, vigae na vitasa vingi huletwa kutoka Dar, na tuliona wakati wa mvua na kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ilivyokatika upande wa Somanga. Kwa hiyo vifaa vinunuliwe fedha ikiwepo, viwekwe mahali pakavu, na ujenzi uanze Mei ardhi ikikauka. Ukifunga mlango wa mwisho Septemba, Oktoba inakukuta tayari: minada imefunguliwa, vyuo vinapokea wanafunzi, na anayekuja kuuliza chumba amekuja na kodi ya miezi mitatu mfukoni.